Pampu Inayosoma Saa kwa Kiswahili

Jumamosi, 1 Machi 2025

"Saa haina lugha." Amesema Nicanor, fundi wa stima kutoka Kianda, leo asubuhi, akiwa juu ya ngazi kwangu Kawangware, bisibisi mdomoni. Hata hakuitoa.

Uongo. Jua likichomoza, muulize Mwingereza ni saa ngapi, atakwambia sita. Mimi nitakwambia kumi na mbili. Jua ni lile lile. Kama si lugha, ni nini basi kilichotutenga masaa sita?

Nilimjibu hivyo. Akateremka, akapangusa mikono. "Mzee, hiyo lete Jumamosi ijayo. Ndiyo mada yenyewe."

Hapo ndipo panaponiuma. Chama cha wasomaji, ambamo Nicanor naye yumo, hukutana kila Jumamosi saa nane mchana, shuleni kwa Mwalimu Akeyo, Kianda. Na kila Jumamosi saa nane mchana mimi niko hapa, juu ya mtungi uliopinduliwa, kando ya pampu. Mgao wa maji hutufikia Jumatano na Jumamosi tu, saa nane hadi saa kumi. Mimi ndiye msimamizi wa ploti ya Mama Waruguru, mwenye nyumba hizi za kupanga. Maji yakija nawasha, yakikatika nazima. Pampu ikivuta hewa inaungua. Kwa kazi hiyo nimepewa chumba.

Miaka sita nimebishana na chama kile kwa barua. Sijawahi kuziona nyuso zao wakishindwa.

Wala sijui Jumamosi alasiri inafananaje nje ya geti hili. Huwa naiota. Katika ndoto ni pana, mwanga wake una rangi ya chai, na watu wanatembea humo polepole bila kubeba chochote.

Nicanor anasema kuna swichi ya saa. Unaipangia siku na saa, inawasha na kuzima yenyewe. Nimemwambia alete.

Jumanne, 4 Machi

Imefungwa. Kisanduku cheupe kinachoenea kiganjani, kioo cha tarakimu, vitufe vitano. Nicanor alitaka kuipanga papo hapo. Nikamwambia nimesoma vitabu vigumu kuliko karatasi ya maelekezo. Nikamsindikiza hadi getini.

Kitufe kimoja hurekebisha saa ya sasa. Kingine hupanga: siku, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Ina nafasi za programu kumi na sita. Ndani kuna betri ndogo, ili stima ikipotea isisahau. Kisha nikaona jambo lililonifanya niketi chini. Siku hazina majina. Zina namba, moja hadi saba. Karatasi inasema moja ni siku ya kwanza ya juma. Haisemi ipi.

Ipi tena? Jumamosi. Mosi. Jina lenyewe linahesabu. Jumatatu ni ya tatu, Jumatano ni ya tano. Hata mwezi huu umeanza Jumamosi, tarehe mosi. Kalenda nzima iko upande wangu.

Na saa nimeiweka ianze sifuri jua linapochomoza. Saa nane mchana inasoma 8:00, kama inavyotamkwa. Nani mwenye akili anaanza siku mpya gizani, akiwa amelala? Warumi wa kale walihesabu saa za mchana tangu macheo, na mifereji yao ya mawe ingali imesimama. Sisi tuna tangi moja la plastiki.

Nimepanga: siku ya 1, washa 8:00, zima 10:00. Siku ya 5, vivyo hivyo. Sijamwambia mtu. Hii ni silaha ya Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Imewaka. Saa nane kamili, bila mkono wa mtu.

Nililala chali chumbani nikisikiliza maji yakipanda ukutani. Usingizi ukanichukua. Niliota matangi yote ya Kawangware yamejaa, yamefurika, na mabati ya nyumba yanaelea taratibu kama majani, na juu ya kila bati kuna mtu anasoma. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nilipoamka, pampu ilikuwa imejizima na tangi lilikuwa limejaa hadi shingoni.

Jioni Mama Waruguru alikuja kunikumbusha kwamba Jumapili kuna wageni wa kumposa binti yake, Ciru. Watu hamsini, kupika na kuosha, tena tangi la Jumatano huwa limekwisha kufikia Ijumaa. "Irungu, maji yakikosa hiyo siku, hiyo ufunguo utaniletea na mkono wako mwenyewe." Funguo za chumba cha pampu na chumba changu zimo kwenye pete moja. Nikamwambia mashine haisahau. Akasema hakuuliza habari za mashine.

Ijumaa, 7 Machi

Nicanor alipita saa tano asubuhi kuona kama swichi inashika. Nilimwacha nayo, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa amesimama mikono mifukoni, ana haya kidogo. Akaniuliza kwa upole kama macho yangu yako sawa siku hizi. Akasema tarakimu ndogo zinasumbua watu wengi wa umri wangu.

Nimemwelewa. Anajua kesho atashindwa, ameanza kunihurumia ili nami nimhurumie. Nikamwongezea sukari.

Jumamosi, 8 Machi

Nilitoka getini saa tano na nusu. Kwa miguu. Nilifika Kianda mapema mno, nikapitiliza hadi Kambi Muru kwa raha tu, nikarudi. Na ni kweli. Mwanga una rangi ya chai. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika shuka la buluu, upepo ukalijaza, nikasimama kulitazama mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, mama, nimefika.

Saa nane Mwalimu Akeyo akafungua mjadala. Saa nane na robo nikaitoa silaha yangu. Niliwaambia kwamba dakika hii, tukiwa tumeketi hapa, pampu inapandisha maji Kawangware kwa saa ya Kiswahili na siku za Kiswahili, na haijakohoa. Walipiga makofi. Akeyo mwenyewe aligonga meza.

Nicanor akasimama polepole.

"Mzee, ile kitu jana ilikuwa inasoma 5:00, alfajiri ya Wazungu, siku ya saba. Nikajua umekosea. Nikairekebisha, 11:00, siku ya tano, nisikuaibishe."

Ukumbi mzima ukacheka, hadi mzee wa nyuma aliyekuwa amelala.

Nicanor hakucheka. Aliniambia ni saa nane na nusu, nipande boda, nitawahi kuiwasha kwa mkono. Nikamjibu siondoki kabla ya kura. Akeyo naye akanisihi. Nikasema kura.

Nimeshinda. Kumi na mmoja kwa tisa. Nyuso zao nimeziona.

Nilifika kwenye ploti saa kumi na dakika tano. Mfereji ulikuwa unapumua hewa.

Jumapili, 9 Machi

Mitungi arobaini kwa mkokoteni. Nicanor alisukuma, mimi nilivuta na kumweleza alipokosea. Wageni walinawa kwa kikombe. Shangazi wa bwana harusi aliuliza kama hii ndiyo ile ploti yenye maji. Ciru alitazama chini.

Mama Waruguru alitaka ufunguo jana. Leo, wageni walipoondoka wamekubaliana vizuri, akalainika: Jumatano tangi likijaa, atasahau.

Nicanor alitaka kufuta programu zangu na kuzipanga upya. Nimekataa. Saa iliyochezewa ni ushahidi, na ushahidi hauguswi. Nimebandika karatasi juu yake: USIGUSE.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikuwa kitandani nikaisikia pampu inaimba. Sikufungua macho. Niliona kwamba mgao wenyewe umesikia habari za kura, ukaamua kuja siku isiyo yake kunipongeza. Maji yalipanda, yakapanda. Shuka la buluu lilikuwa linaelea juu yake. Sijawahi kulala usingizi mtamu hivyo.

Kilichoniamsha ni harufu.

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Kwa saa ya Nicanor, 8:20, na kwa hesabu yake Jumatatu ndiyo siku ya 1. Siku ya 1, washa 8:00. Swichi imetii kila neno nililoandika. Pampu imevuta hewa hadi ikaungua. Karatasi yangu haikuguswa.

Jumatano, 12 Machi

Nimepeleka ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Waruguru aliupokea bila ugomvi, akaniuliza kama nimekula. Heri angenitukana.

Nicanor amebeba vitabu vyangu kwa mkokoteni ule ule hadi Kianda. Mwalimu Akeyo amenipa stoo kando ya ofisi. Nitalinda geti na kuangalia kengele ya shule. Njiani Nicanor aliniuliza kama sasa nimeona kwamba mashine ni ya kuambiwa saa moja tu, si mbili. Nikamwambia hasa, moja tu. Akashusha pumzi. "Poa, mzee."

Kengele ni ya stima. Chini yake kuna kisanduku cheupe, vitufe vitano.

Nimekaa nacho mchana kutwa, dirisha wazi, sauti za watoto zikiingia na kutoka kama usingizi. Sifuri ni macheo. Jumatatu ni ya tatu. Programu zote kumi na sita zimejaa. Sijamwambia mtu. Nicanor anasema atapita Ijumaa kuona kama inashika. Nitampikia chai.

Na ninyi, walimu wa shule hii, nanyi wazazi wa Kianda na mtaa jirani wa Olympic mnaosindikiza watoto huku mkitazama simu, nawadai jambo moja. Jumatatu asubuhi simu zikae mfukoni. Ngojeni kengele.