Bastola ya Chini ya Kanzu

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Harith kaja kwenye kikao cha Jumuiya yetu ya Wapemba na leseni ya ulinzi shingoni. Ina picha yake, ina nambari, ina kamba ya buluu. Kijana wa miaka thelathini na nne, analinda duka la viatu hapa Stratford, London, sasa anataka kulinda na mlango wa ukumbi wetu. Mlango wangu. Kasema kwa adabu zote kwamba siku hizi ulinzi ni kazi ya kusomea. Watu wakatikisa vichwa kumkubali. Vichwa vyote nimeviona na nimeviweka moyoni.

Mwenyekiti, Maalim Muhiddin, kasema Maulidi ni Jumapili ya tarehe saba. Tuyamalize kwanza, kisha kamati itaamua nani awe mtu wa mlango. Itaamua! Miaka kumi na moja nimesimama pale. Harusi, khitma, Idi, mvua, theluji. Sijakaa hata siku moja.

Niseme kweli, maana daftari hili hasomi mtu. Siku sita za wiki nasukuma vitoroli vya supamaketi, na wateja hunikabidhi kitoroli bila kunitazama usoni. Mlangoni mimi ni Bwana Matar. Hata mwenye shahada mbili husubiri nimwambie karibu. Mlango ukienda, nabaki na vitoroli. Basi hauendi.

Harith ana leseni. Mimi nitakuwa na bastola.

Jumanne, 26 Agosti

Nimetazama vidio saba za Wamarekani, jinsi ya kuchagua bastola ya kubeba kwa siri. Watu makini sana. Mmoja ana masharubu na kofia pana. Kasema usianze na bastola, anza na nguo unayovaa, kisha tafuta silaha itakayokaa ndani yake isionekane. Iwe nyembamba. Iwe na shingo fupi, yaani mtutu. Isikubane ukikaa kitako. Nimeandika yote. Kuhusu kanzu hakusema kitu.

Sundus, binti yangu, kanichungulia begani. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Kaniuliza kama najua kwamba nchi hii bastola ni marufuku na nitafungwa miaka. Ati hata ya bandia, ukitembea nayo njiani, ni kosa. Nimemjibu kwamba baba yake si mjinga. Nani kataja bastola yenyewe? Mimi nataka uvimbe wake tu, na uvimbe hauna sheria.

Hapo ndipo nilipowapita Wamarekani. Wao wanahangaika isionekane. Sasa bastola isiyoonekana na isiyojulikana inamfaa nini mwenyewe? Yangu itafichwa vizuri kiasi cha kila mtu kuiona.

Alhamisi, 28 Agosti

Majaribio.

Rimoti ya televisheni: bapa mno. Mtu anaona kabisa nimebeba rimoti. Chupa ya tomato: nene, halafu imevuja. Chuma cha nywele cha Sundus: shingo nzuri, kipini kizuri, ningekichagua hicho, lakini alikuwa ndio kwanza kamaliza kukitumia. Paja limetoka lengelenge. Nimepaka dawa ya meno. Sikulia.

Mchana, juu ya kabati, nikauona mrashi wa Mardhiya, mke wangu. Wa fedha, wa marehemu mama yake, ulitoka Chake Chake umezongwa ndani ya khanga siku tunahama, wakati wengine wanabeba hati na dhahabu. Hushuka mara moja kwa mwaka, siku ya Maulidi, kunyunyizia watu marashi. Tumbo la duara, linajaa kiganjani. Shingo nyembamba. Nimeuchomeka kiunoni, nikavaa kanzu juu, nikajitazama kwenye kioo. Nilijiogopa mwenyewe.

Shingo ni ndefu, sikatai. Mmarekani angelaumu. Mmarekani hana Maulidi.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimekwenda nao msikitini. Nimepita polepole mbele ya safu, nikasimama, nikageuka, nikapita tena. Watu wametazama. Harith katazama, kisha kainamisha macho. Nikasema moyoni, iko wapi leseni yako sasa? Kwenye rukuu mrashi ulinichoma mbavu, nikavumilia.

Baada ya sala Maalim Muhiddin kanishika mkono, kanivuta pembeni penye viatu. Kwa sauti ya chini kanambia maradhi si aibu. Hata marehemu ami yake alikuwa nalo. Na hospitali za huku wanakutoa asubuhi, jioni uko kwako unakunywa uji. Sikumfahamu. Ikabidi alitaje. Busha, Bwana Matar, usilifuge.

Watu wa Pemba hawa! Wamekaa London mpaka wamezeeka, na wakiona kanzu imevimba hawana wazo jingine. Kwa uvimbe uleule Wamarekani wangelala chini wote. Mimi nimeletewa kiti. Na aliyeniletea ni Harith.

Baya zaidi, Maalim kaongeza kwamba kwa hali hii kusimama mlangoni si vizuri kwangu. Kumbe huruma nayo inaweza kumnyang'anya mtu kazi. Sikubali. Nikimwambia sina busha, ataniuliza nina nini. Lazima habari ya bastola itoke, na isitoke kinywani mwangu.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimekwenda kwa Telesphor, fundi viatu, mtu wa Bukoba. Kibanda chake kiko karibu na stesheni na Waswahili wote hupita pale. Ukitaka habari ifike Rayners Lane, upande wa pili wa London, kabla ya treni, mpe Telesphor kisha umkataze asiseme.

Nimemwagiza ala ya ngozi, ya kufunga ubavuni, mbali kabisa na mahali pa busha. Nikamchorea kipimo. Kaniuliza ni ya kuwekea nini. Nikasema simu. Kautazama mchoro, kaugeuza, kaniuliza simu gani ina shingo.

Nikasogea karibu. Nikamnong'oneza kwamba siku ya Maulidi yetu kuna mtu atakuwa na bastola chini ya kanzu, na mtu huyo ni mimi, na ole wake alitaje jina langu. Kaapa kwa mama yake mzazi. Nikaondoka moyo umetua. Kiapo cha Telesphor hakijapata kufika saa ya chakula.

Alhamisi, 4 Septemba

Habari imefika. Imefika kote. Mardhiya kaisikia kwa dada yake wa Rayners Lane: siku ya Maulidi kuna mtu atakuja na bastola. Mtu gani? Hajulikani.

Hajulikani! Safari hii Telesphor katimiza kiapo. Habari kaitoa yote, jina kalizuia. Sijaona uaminifu wa kipuuzi namna hii.

Leo Maalim kaitisha kikao cha dharura. Wenye watoto wanasema watabaki majumbani. Mmoja anataka polisi waitwe. Nikainua mkono niwatulize. Nikasema huenda mtu huyo ni mtu mzima, wa heshima, anatupenda, na anataka tu tukae salama. Wakanitazama kama mwenye homa. Maalim kasema tusiwasumbue polisi kwa uvumi, lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa hiyo siku hiyo moja mlango atashika Harith. Atakuja na fimbo ya kazini kwake, ile inayolia ikisikia chuma. Mimi nimepewa kiti cha ndani, karibu na msala, kwa sababu ya afya yangu.

Nimerudi nyumbani na hasira. Wanamwogopa mtu wasiyemjua, na mtu mwenyewe wamemkalisha karibu na choo. Sasa ndiyo nitauvaa. Wanaopekuliwa ni wageni. Mwenye mlango hapekuliwi. Nikishapita mbele ya Harith kichwa juu, kila mtu atajua bastola ilikuwa kwa nani, na mlango ni wa nani. Mrashi nitaurudisha kwenye kikapu cha Mardhiya cha Maulidi kabla haujatakiwa.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika nikiwa kwenye kochi. Nimeambiwa nikae hapa.

Asubuhi Mardhiya alikuwa kwenye vitumbua. Kikapu kilishapangwa, mrashi ndani ya khanga. Nikautoa, nikaweka chupa ya tomato badala yake, uzito ni mamoja. Ala ya Telesphor ina kamba kumi na mbili. Kazi nzuri mno. Huwezi kuufungua mpaka uvue kanzu. Hilo nililigundua nikiwa tayari ndani ya basi, ubavu ukiwa na baridi ya ajabu.

Watu walikuja, tena wengi. Foleni ilifika mpaka barabarani. Harith kasimama mahali pangu na fimbo yake. Kanipa shikamoo, kaniita ami, kaniomba niinue mikono. Nikamwambia mlango huu nimeufungua yeye akiwa bado yuko Mkoani, na hainui mtu mikono ya Matar. Wa nyuma wakaanza kunung'unika. Maalim kaja, kasema basi tuanze na Bwana Matar, wengine waone kwamba hadharauliwi mtu.

Saa hiyohiyo Mardhiya katoka ndani, chupa ya tomato mkononi. Kauliza nani kauchukua mrashi wa mama. Kauliza kwa sauti ya juu mbele za watu, jambo ambalo sijalisikia kwake miaka thelathini. Nikasema nahitaji msala. Harith alishanipitishia fimbo.

Ikalia.

Foleni yote ikanyamaza. Niliungoja ukimya ule wiki mbili, na kwa nukta moja, wallahi, ulikuwa mtamu. Kisha Maalim, mwenye huruma zake, akamwambia Harith amwachie mzee, ni mgonjwa. Fimbo ikapita tena, ikalia tena. Na mama mmoja huko nyuma akasema, bila haraka, kwamba busha halilii, jamani.

Nimevua kanzu palepale, mlangoni kwangu. Nimebaki na fulana na kikoi. Kamba kumi na mbili, vidole vyangu havikuweza, nne za mwisho kanifungulia Harith. Kumbe Mardhiya alishaujaza marashi. Kikoi kimeroa mpaka magotini, nanukia waridi kama bibi harusi.

Mardhiya kauchukua. Shingo imepinda. Kajaribu kuinyoosha kwa kidole gumba, polepole, haikunyooka. Hakunambia neno. Hilo limeniuma kuliko foleni yote, sitaki kujidanganya.

Tuliposimama kumsalia Mtume, mrashi umejazwa tena, kapewa Harith awanyunyizie wanaume. Kapita safu kwa safu, na kwa ile shingo marashi yakawa yanakwenda upande. Aliponifikia kaninyunyizia viganja vyote viwili. Kanambia karibu, ami. Miaka kumi na moja neno hilo nalisema mimi. Nimesimama na viganja vimeroa, sikujua niyapake wapi.

Jumatatu, 8 Septemba

Kamati imekaa bila mimi. Mlango ni wa Harith. Mimi nimepewa viatu, nivipange vya kulia na vya kushoto vikae pamoja. Maalim kasema ni kazi ya thawabu. Nimemwambia nakubali kwa sasa. Neno "kwa sasa" nimelitamka mara mbili ili alisikie.

Siombi radhi. Mtu mzima hatolewi mahali pake kwa sababu ya kamba ya buluu. Na atakayesimulia lazima asimulie kwamba wote walinyamaza. Kwa leseni ya Harith hajanyamaza mtu.

Mardhiya kahamia chumba cha Sundus. Kimya chake ananitafsiria Sundus, kwa Kiingereza. Tafsiri ni ndefu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimelipitia daftari hili tangu mwanzo kutafuta kosa liko wapi. Wazo halina kosa. Nguo haina kosa. Kosa ni mrashi kuwa wa fedha. Fimbo ya Harith inasikia chuma, haisikii mti.

Na mtu wa viatu anakaa hatua mbili tu kutoka mlangoni. Jumapili ijayo kuna khitma. Jikoni kuna mchi wa kutwangia kitunguu thomu, wa mti wa msaji, mzito, mnene upande mmoja. Shingo fupi kabisa, safari hii Mmarekani hana la kusema. Kamba za Telesphor nimezipunguza zikabaki mbili. Nimeufunga baada ya chai na nimeshinda nao, kuuzoea.

Jioni Mardhiya kanisemesha. Siku tatu sijaisikia sauti yake. Kasimama kizingitini, mikono ina utomvu wa ndizi, karibu acheke, na mimi nikazima televisheni nimsikie vizuri. Kasema kanunua pweza, anataka kunipikia mchuzi, lakini mchi wa thomu kautafuta kote. Kaniuliza kama nimeuona.

Nilikaa wima, maana ulikuwa unanichoma mbavu. Nikamwambia sijauona.