Mashine Yangu Yahamia Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeona maajabu! Kinyozi mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, Kipara (kinyozi asiye na unywele hata mmoja, na watu wanamwamini!), amepata gemu mpya ya mpira. Nikajifanya napita tu, nikachungulia dirishani. Nyasi zinacheza kwa upepo! Kipa anatokwa jasho! Nilisahau kufunga mdomo. Ndani wamejaa wateja wangu. Mmoja bado ana poda yangu shingoni.

Nikarudi mbio, nikafungua duka la mtandaoni kwenye mashine yangu ya gemu. Bei! Ilibidi nikae kwenye kiti cha mteja. Gemu haipandi meli. Haina uzito. Inashuka hewani yenyewe. Sasa huko njiani inalipia nini?

Refa, mwamuzi mstaafu na mteja wangu mkuu, amesema ataivumilia gemu yangu ya zamani hadi Jumamosi. Baada ya hapo anavuka barabara. Na Refa akivuka, kijiwe kizima kinavuka naye.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia dada, aliyeolewa ng'ambo. Gemu ileile kwao ni nusu ya bei yetu. Nusu! Na wao ndio wenye mishahara. Dada alisema labda wapanga bei hawajawahi hata kutusikia. Nimeduwaa. Duka halina mlango wala muuzaji, lakini linajua nimeketi wapi, na linanipandishia bei kwa macho makavu!

Basi, kama shida ni ninapokaa, nitahama. Kitini sitainuka, ila nitahama. Mke wangu aliuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia tunahamia ng'ambo. Akasema sawa, ila nitoe takataka kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Dada amekubali kuninunulia kwa kadi yake. Alisisitiza nifungue akaunti mpya ya kwao, na ile ya zamani niiache pembeni, nisiiguse. Niiache! Mtu anahamaje mguu mmoja huku, mwingine kule? Duka si litanishtukia? Mimi nikifanya jambo, nalifanya kikamilifu. Nikaamua kuifuta ya zamani.

Mashine ikauliza kama nina uhakika. Ikauliza tena. Adabu gani hiyo! Nikabonyeza Ndiyo, na kila kitu kikatoweka kabla sijainua kidole. Binadamu tumefika mbali.

Gemu inashuka tangu mchana. Siwezi kubandua macho kwenye ule mstari unavyojaa. Mteja mmoja ameondoka na kichwa nusu.

Jumamosi, 8 Machi

Refa alikuja na kijiwe chote. Nikawasha. Uwanja ukafunguka, mwanga ukamwagika hadi kwenye vioo vyangu. Fundi matairi akavua kofia. Refa alisema taratibu kwamba amechezesha mpira maisha yake yote, na nyasi kama hizi hajaziona. Nilitaka kulia.

Halafu akaomba timu yake.

Timu ya Refa ni wajukuu zake. Kila akizaliwa mmoja, Refa huja dukani kwangu kumsajili: jina, namba, hata urefu anaokisia atafikia. Kipa ndiye kifungua mimba. Watoto wenyewe wametawanyika na wazazi wao, hawaonani. Kwenye mashine yangu tu ndiko wanakocheza pamoja. Nikaitafuta. Nikaitafuta tena. Ilikuwa kwenye ile akaunti ya zamani.

Refa aliuliza wajukuu wake wako wapi. Nikamwambia sisi tumehama, wao wamebaki. Hakucheka. Akachukua fimbo yake. Nilijisikia vibaya mno.

Wakavuka wote. Jioni nilichungulia kwa Kipara. Refa alikuwa anawaandika wajukuu upya, mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, na Kipara anamsaidia kutafuta herufi. Sikupata usingizi wa mchana wala hamu ya kula.

Jumapili, 9 Machi

Siamini! Kipara amekuja kwangu! Kwa mlango wa nyuma, mashine yake kaificha ndani ya koti. Amesikia nimepata gemu kwa nusu bei, yeye alilipa nzima, na roho inamuuma. Anataka gemu zijazo anunue kama mtu wa ng'ambo, ila wateja wasijue. Akaniita mtaalamu. Mimi! Mtaalamu! Nikampa kiti kizuri na soda.

Aliniomba niende polepole, maana jana Refa alimaliza kuwaandika wote hadi kitinda mimba, na wamo humo humo. Nikamwambia aondoe shaka, mimi nikifanya jambo nalifanya kikamilifu. Dada akapiga simu katikati. Nikaikata. Mtaalamu hasumbuliwi kazini.

Mashine ya Kipara ikauliza kama nina uhakika. Ikauliza tena. Ina adabu kama yangu! Nikabonyeza Ndiyo.