Marehemu Yupo Njiani

Siku Shemeji alipopanda ngazi za ofisi kuulizia bei ya kumtisha mjane wa mdogo wake, Profesa alijua riziki imebisha hodi, akamvutia kiti.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na uprofesa alijitunuku mwenyewe. Mashine yake ya kunasia mizimu ilikuwa kile kidude cha mafundi umeme cha kutafutia nyaya ndani ya ukuta: ukikipitisha penye waya, kinalia. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sayansi ya Profesa, kila nyumba yenye umeme ilikuwa na mizimu, na za matajiri zilikuwa nayo zaidi. Kupima kulikuwa na bei yake, kuongea na marehemu bei yake, na kumhamishia kwa jirani hapo mlipatana.

"Hati ya nyumba ya mdogo wangu ninayo," Shemeji alisema. Aliichukua msibani, watu wakiwa bado wanalia. "Lakini mnunuzi anadai sahihi ya mjane, na yule mwanamke hatoki."

"Atatoka," Profesa alisema. "Nusu ya malipo sasa, nusu akitia sahihi."

Mjane alikuwa mshonaji. Alimpokea Profesa vizuri, akamtazama akizunguka sebule na kidude chake, kikilia kila penye swichi.

"Mama, pole sana. Mumeo yumo humu ndani na hana raha. Anataka uhame."

"Yuko wapi hasa?"

"Darini. Ngoja nipande nikamtulize."

Huko darini alificha spika ndogo isiyo na waya. Jioni kadhaa alisimama nje ya ukuta na simu yake, akairushia spika miguno aliyoipakua mtandaoni. Mjane aliendelea kushona. Kisha akapiga simu: amekubali kutia sahihi, Shemeji aje na hati, na Profesa awepo ashuhudie kwamba marehemu ameridhika. Profesa alijisikia bingwa.

Siku yenyewe Shemeji aliweka bahasha ya hati mezani, akatoa kalamu. Mjane aliinua simu yake kama anayetazama saa. Dari likasema:

"Mama watoto, nipo njiani. Kaka akifika mwambie anisubiri, nina maneno naye. Nichemshie maji ya kuoga."

Kalamu ilimponyoka Shemeji. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, na kile kikohozi chake kabla ya kila neno la mwisho. Profesa naye alitazama juu, maana yeye alikuwa na miguno tu. Ndipo alipoona kidole cha mjane kwenye simu, akakumbuka kwamba spika ile hukubali simu yoyote iliyo karibu. Watu wa kazi yake huwaogopa polisi na kusahau nywila.

"Profesa," Shemeji alinong'ona, "ni yeye?"

"Mwambie ukweli," mjane alisema. "Wewe ndiye mtaalamu."

Ukweli ulikuwa umemtembelea Profesa kwa mara ya kwanza, tena saa mbaya. Akisema ni spika, ataulizwa ya nani. Na Shemeji alikuwa na mabega ya kubebea saruji.

"Ni yeye."

"Anataka nini?"

Profesa alimtazama mjane. Mjane aliitazama bahasha.

"Anataka hati ibaki nyumbani kwake."

Shemeji alitoka na kiatu kimoja, na nusu ya pili ya malipo ikatoka naye.

"Mama, una kipaji," Profesa alisema walipobaki wawili. "Tuungane. Mji huu una wafiwa wengi."

"Mimi sikusema uongo hata neno moja. Huo ujumbe wa sauti mume wangu alinitumia mwenyewe mwaka jana, akitoka kazini. Alikuwa amemtafutia kaka yake kazi, anataka kumpa habari." Mjane aliifungia hati kabatini. "Kaka mtu hakumsubiri siku ile pia."

"Basi niruhusu nipande nichukue spika yangu, niende."

"Spika gani? Si ulinipimia mwenyewe, ukaniambia huko juu yupo mume wangu?"

Profesa alichukua kidude chake. Alikuwa getini aliposikia sauti ile ikianza tena darini, kubwa, ikijaza nyumba nzima: yupo njiani, achemshiwe maji. Alisimama angalau asikie mjane akimcheka.

"Yameshachemka, baba," mjane alikuwa anajibu. "Njoo uoge."