Kaijage Aizuia Mvua Kishanda

Katika mkoa mzima wa Kagera, wawili tu walijua mvua itanyesha lini: Mungu na Kaijage, mtoto wa kaka yangu. Na Kaijage alidai kuwa mwenzake hubahatisha.

Alirudi Bukoba kutoka chuoni na kompyuta inayovuma kama mashine ya kukoboa kahawa. Humo, alisema, amezitengeneza upya pepo zote za chini zinazosukuma mawingu ya masika kutoka baharini mpaka kwetu. Hata ukimsalimia, alitazama kwanza upepo unaelekea wapi.

Jumatano tulikwenda Kishanda kumposea mke. Mimi shangazi nilibeba maneno ya heshima. Yeye alibeba kompyuta.

Ma Annastella, mama wa binti, alitupa malazi, akasema jibu tutalipata asubuhi. Kisha akainuka kufunika kahawa yake ya msimu mzima, mikeka mitano uani. Kahawa iliyokauka ikilowa huota ukungu, na hakuna anayeipokea.

Hapo mkwe mtarajiwa akaona nafasi ya kung'ara! Alimpokonya turubai kwa adabu, akamwonyesha ramani yenye mishale ya upepo kwenye kioo cha kompyuta, akaapa kwamba halidondoki tone wiki hiyo. Nilimkanyaga mguu. Akausogeza, akaendelea.

Mgeni aliyekuja kuposa habishiwi. Turubai likabaki limekunjwa.

Alfajiri mvua ilishuka juu ya mabati kama magunia ya maharage yaliyopasuka. Tulipotoka, kahawa ilikuwa safarini kuelekea migombani. Kaijage akaileta kompyuta barazani, atueleze kwamba aliyekosea ni mvua.

Ma Annastella akavaa miwani, akaikagua ramani kwa muda mrefu.

"Bukoba iko wapi?"

Akaonyeshwa.

"Na ziwa?"

Kaijage akakohoa. Akafafanua kwamba ziwa lilikuwa linachelewesha hesabu. Likiwamo, kompyuta inakokotoa siku mbili; lisipokuwamo, saa moja. Basi aliliondoa, akaweka nchi kavu.

Niliinamisha uso. Mtoto amezaliwa Bukoba, amelowa miaka yote akienda shule kwa mvua itokayo ziwani asubuhi, kisha akasoma mpaka akalifuta ziwa!

Ma Annastella akavua miwani taratibu.

"Mwanangu, kama ziwa lote hili umeliondoa peke yako, mikeka mitano haikushindi. Shuka uani uokote. Ukifika punje ya mwisho, tutazungumza habari za binti yangu."

Mimi nilirudi Bukoba. Yeye bado anaokota.