Migomba Yangu Ina Afya Kupita Kiasi

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tatu

Aibu! Jeep ya watafiti imesimama leo kwa jirani yangu Syauswa, ikapita kwangu bila hata honi. Wanachunguza mnyauko, ule ugonjwa unaoozesha migomba. Kwa Syauswa umekula nusu ya shamba. Zawadi yake? Kibao kando ya barabara chenye jina lake, na buti mpya za mpira! Mtafiti mkuu ni dada mmoja wa hapa hapa Butembo, anaitwa Jokébed. Amemwita mshirika wa utafiti. Syauswa! Mtu ambaye hata kuku wake hawamtii.

Mimi Ézéchiel nina mashina arobaini, yote mazima. Mama yangu alibeba machipukizi yake kichwani kutoka Mangina, na kabla ya kufa aliniambia niyatunze kama yeye mwenyewe. Nimeyatunza. Na matokeo ndiyo haya: hakuna anayenisalimia. Mke wangu Godelive anasema tumshukuru Mungu. Godelive hana tamaa ya maendeleo.

Alhamisi, tarehe 9

Nimepata njia. Ugonjwa unaanza na majani kugeuka njano. Basi yangu yatageuka. Nimebeba sufuria ya maji yanayochemka kutoka jikoni, nikapanda ngazi, nikaimwagia migomba mitatu ya kando ya barabara. Majani yamenyauka vizuri sana! Mguu wangu wa kushoto pia. Kumbe ndani mlikuwa na maharagi, sikuangalia. Godelive ameuliza chakula chake kimekwenda wapi. Nimesema sijui.

Jumamosi, tarehe 11

Jokébed amekuja. Nilimwita mwenyewe, nikichechemea. Amechanja mgomba, akangoja. Eti mgomba mgonjwa ukikatwa hutoa ute wa njano. Wangu umetoa maji safi. Kisha akainama, akanusa. "Papa, huu mugomba haiko na bugonjwa. Iliungua tu. Na mbona inanuka maharagi?" Nikakohoa sana.

Ajabu, hakuondoka. Alizunguka shamba lote akihesabu na kuandika. Akauliza ni nani anayevunja yale maua ya zambarau yanayoning'inia chini ya mikungu. Ni Godelive, kwa kijiti chenye panda, kama mama alivyomfundisha. Hapati raha mpaka avunje yote. Lakini niliona haya kumtajia mtu wa chuo kikuu mambo ya kizamani, nikasema ni upepo. Alichoandika sikuuliza. Kuuliza ni kujishusha.

Jumanne, tarehe 14

Nahitaji ute. Siyo ugonjwa, hapana! Ute tu, kidogo, wa kuonyesha. Nimemsifu Syauswa buti zake nusu saa nzima, hadi akaniazima panga lake likiwa bado limelowa. Akanionya kwamba Jokébed amewaagiza wapitishe panga kwenye moto baada ya kila mgomba. Nimecheka. Panga si muhogo wa kuchoma! Nimekata mgomba mmoja kidogo, wa pili kidogo, wa tatu kidogo. Ute umeshika. Na aje sasa.

Jumapili, tarehe 26

Hajaja. Timu imekwama Beni, barabara imeharibika. Na mvua imeosha ute wote. Kazi bure! Halafu Syauswa amekuja misani na buti zake. Kanisani kuna tope gani?

Alhamisi, tarehe 20 mwezi wa nne

Njano. Bila maji ya moto. Migomba mitatu, ileile niliyoikata. Nimepasua ndizi moja, ndani ni kahawia, imeoza kabla ya kukomaa. Godelive aliketi chini kwenye udongo. Baadaye akasema mama ametuaga mara ya pili.

Sijala. Wazee wanasema dawa ni moja tu, kung'oa shamba zima mpaka mizizi. Ndivyo walivyofanya ng'ambo ya kilima, na mpaka leo pale ni majani matupu. Mashina arobaini! Ni mimi niliyefanya hivi. Sijamwambia.

Jumamosi, tarehe 22

Nimesikia timu imerudi. Nimekimbia mpaka mjini, nikamweleza Jokébed yote: panga, ute, kijiti cha Godelive, hata maharagi. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa jeep. Kibao! Kimepakwa rangi tangu mwezi wa tatu: SHAMBA LISILOUGUA, na chini yake nafasi tupu ya jina. Tangu mwanzo alikuwa anatafuta shamba moja zima, karibu na yale yanayoumwa, ili ajue siri yake ni nini. Alikuwa amekwisha kulipata. Mimi nilikuwa nimesimama ndani yake nikitafuta ugonjwa.

Nilimwomba asing'oe. Akaniambia hakuna haja. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba ugonjwa haufikii machipukizi yote ya shina moja. Unakata ule mgomba mgonjwa tu, chini kabisa, panga unalipitisha motoni, ndugu zake unawaacha, na kila wiki unakagua. Nililia. Mbele ya dereva!

Nyumbani ikabidi nirudie yote mbele ya Godelive. Aliniita kwa jina la binti yetu, kama siku zote, lakini si kwa sauti ya siku zote. "Baba Sagesse, ulienda kulomba bugonjwa kwa jirani, sawa vile batu banalombaka chumvi?" Nimepiga magoti nikaomba msamaha. Kwanza kwake, kisha kwenye kaburi la mama.

Jumamosi, tarehe 8 mwezi wa saba

Tulikata mitatu, kisha miwili. Sasa ni wiki ya sita bila jani la njano. Migomba ya mama ipo! Na kibao kimesimama. Jina lililoandikwa ni GODELIVE. Kumbe wadudu wanaotua kwenye lile ua la zambarau ndio wanaoleta ugonjwa, na anayelivunja kwa kijiti amewafungia mlango. Jokébed alimpeleka Beni kufundisha wakulima sitini, jana ndipo amerudi. Misumari ya kibao nimepiga mimi. Namwonea fahari mke wangu, naandika wazi. Siku mbili za kwanza za kibao hicho sikutoka nje, lakini hilo ni jambo jingine.

Na mimi nimejifunza. Watafiti hawataki kitu kigonjwa, wanataka kizima! Basi niko tayari. Alhamisi inakuja timu nyingine, ya ugonjwa wa kahawa, kuchagua mashamba. Kahawa yangu nyuma ya nyumba imejaa madoa, na matawi mengine yamekauka. Tangu asubuhi nachuma majani. Nimejaza magunia matatu, nimeyachoma. Miti miwili iliyokufa nimeing'oa. Godelive alisimama mlangoni akaniuliza kama nimewauliza hao watu wanatafuta nini. Nikamwambia mtu aliyeishi na utafiti miezi minne hana haja ya kuuliza. Alhamisi hawatakuta hata jani moja lenye ugonjwa.