Gari Linalokunywa Maji

Siku Hamidu alipoliona gari la ng'ombe limelala upande mmoja nyuma ya maduka ya Masasi, gari lenyewe hakulitazama sana. Aliwatazama waliolikalia.

Lilikuwa gari la Mdachi mmoja aliyekuja kulima pamba upande wa Nanganga, vita vya Maji Maji vilipokwisha. Pamba ilimkataa, ng'ombe wake wakamalizwa na mbung'o, naye akashika njia ya Lindi kwa miguu na kuliacha gari pale pale lilipogomea. Lilikuwa na magurudumu mawili, ubao wa kukalia mbele, na nyuma mgongo wazi wa mbao, mpana, usiofunikwa na kitu. Kila jioni wanaume wa Masasi walikuja kulipanda mmoja mmoja, kwa zamu, bila kusukumana. Mtu anafika na jembe lake, analipakia nyuma, anapanda mbele, anakunja mikono na kutazama mbele kama mwenye safari. Anakaa hivyo mpaka anatosheka. Kisha anashuka, analichukua jembe, analiweka begani na kwenda nalo nyumbani.

"Shikamoo, mzee Kurwa," Hamidu alimwambia aliyekuwa kwenye zamu. "Safari ya wapi?"

"Marahaba. Siendi popote."

"Na hilo jembe?"

"Nimelipakia."

"Sasa ukipata gari lako mwenyewe, utapakia nini?"

Mzee Kurwa alifikiri kwa heshima yote ambayo swali lile lilistahili. "Chochote," alisema. "Si unauona mgongo ulivyo?"

Hamidu alifurahi mpaka akaona haya kidogo. Miaka yote alikuwa amehangaika kuwauzia watu vitu walivyovihitaji, dawa ya macho, ndoana, talasimu za kuzuia nguruwe shambani, na watu wenye shida ni wagumu, wanataka kuona kama kitu kinafanya kazi. Hapa kulikuwa na watu wasiokuwa na shida yoyote. Biashara ya namna hiyo mtu huipata mara moja katika maisha, na Hamidu hakuwa mtu wa kumkosea adabu Mwenyezi Mungu kwa kuiacha ipite.

Aliwahi kuwa dobi wa Mdachi huko Lindi, na katika kazi ile alibaki na kofia moja ngumu, maneno matatu ya Kijerumani, na habari ya meli inayokunywa maji na kutoa moshi. Vitu hivyo vikamtosha kuwa wakili. Huko Ulaya, alieleza, gari la mgongo wazi halivutwi tena na ng'ombe. Unalinywesha maji, linapiga moshi, linakwenda. Meli nzima ya magari hayo ilikuwa njiani kuja Lindi, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaandaa wenyewe. Malipo ni mpira wa porini au nta ya nyuki, kwa kuwa wazungu wanavipenda hivyo. Mwenye kulipa anapewa kipande cha chuma, nacho asikipoteze.

"Kila gari linakuja limepungukiwa na kitu kimoja," alisema kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali. "Kitu chenyewe ni hicho ulichoshika. Bila hicho, litakunywa maji likupite, wala haliwaki."

Vyuma alivitoa wapi? Gari la Mdachi lilianza kukonda. Leo parafujo, kesho pete ya gurudumu, keshokutwa msumari. Na wanaume wakavifunga vyuma vyao kwa kamba na kuvivaa shingoni, maana kitu kama hicho hukifichi ndani kikaliwa na kutu wakati majirani hawajakiona.

Bwana mmoja wa Chiungutwa aliagiza lake ingawa njia ya kwenda kwake ilikuwa nyembamba, mbuzi wakikutana mmoja anarudi nyuma. Mwingine wa Chiwata, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kubeba hata kuni kwa kuwa alikuwa na wake, aliagiza na kutaka mgongo urefushwe. Watu wengi waliuliza kama gari linaweza kuja kubwa zaidi, na Hamidu aliwajibu kwamba linaweza. Hakutokea hata mmoja aliyeuliza kama linaweza kuja dogo.

Gari la Masasi lilipobaki mifupa mitupu, Hamidu alitia vyuma vya mwisho mfukoni, akachukua wapagazi na kupanda Newala.

Newala iko juu na maji yako bondeni, na kati yake kuna mteremko wa kukatisha tamaa. Wanaume wa Newala walikuwa wameushughulikia mteremko huo kwa kuoa. Wanawake walishuka alfajiri, wakapanda jua likiwa kali, na maji waliyoyaleta yalikwisha kabla jasho halijakauka. Hamidu aliposema neno "maji", baraza zima lilisogea karibu.

Aliyesogea karibu kuliko wote alikuwa Bartholomayo, mkulima mwenye sauti nzuri kanisani na mikono laini kwa umri wake. Mkewe Scholastika alikuwa amekaa nyuma, mtoto Cecil mgongoni, akichambua njugu. Kapu kubwa lililokuwa mlangoni pake lilijaa vibonge vya mpira. Aliukusanya yeye mwenyewe, akichana mikono kwenye vichaka tangu mvua zilipokatika, na kila mtu pale alijua ni wa nini. Alitaka kununua pipa, pipa kubwa la mbao la kuweka chini ya paa, masika akinge maji ya mvua na apumzishe shingo yake.

"Karibu, mtani," alimwambia Hamidu. "Ninyi Wayao mkipanda huku, ama mmeleta kitu, ama mmekuja kuchukua."

"Nimeleta, Mama Cecil."

"Hilo gari linabeba maji?"

"Kazi yake hasa."

"Kuupanda mlima wetu huu, litakunywa madebe mangapi?"

Hamidu alishtuka. Kutoka Masasi mpaka pale hakuna aliyekuwa amemuuliza swali la hesabu. "Manne," alisema, kwa kuwa lilikuwa jibu la kwanza lililomjia.

"Na mgongoni linachukua madebe mangapi?"

"Manne. Ukiyapanga vizuri."

"Basi likifika juu litakuwa na nini?"

"Likifika juu," alidakia Bartholomayo, ambaye macho yake yalikwisha kwenda mbali, "litakuwa limefika juu, Mama Cecil. Mbona unauliza kama hutaki maendeleo?"

Baraza lilimpigia makofi. Scholastika aliendelea na njugu zake.

Kesho yake aliposhuka bondeni, kapu lake lilihama nyumba. Hamidu alikuwa amepanga awe ameshaondoka kabla mama huyo hajarudi, lakini wapagazi wake walikwenda kunywa pombe ya mtama na kusahau walikotoka. Kwa hiyo alikuwa bado amekaa juu ya mizigo katika kibanda cha wageni, mkabala na nyumba ya Bartholomayo, akasikia yote kupitia ukuta wa mianzi.

"Baba Cecil, hicho shingoni ni nini?"

"Gari."

"Hiyo pete ya chuma?"

"Si lote. Ni sehemu yake."

Hamidu alichungulia. Mwanamke alikuwa amesimama uani na debe la maji kichwani, akilia, na hakulitua kwa sababu hapakuwa na wa kumtua. Mumewe alikuwa akiisugua pete kwa majivu. Hamidu aliona uchungu, uchungu wa kweli, na akajiahidi kwamba safari nyingine hataangalia nje.

Hakukaa sana, zikasikika buti njiani. Ilikuwa sauti ya askari wa boma.

"Mama, yuko wapi mtu wa gari la maji? Namtafuta toka juzi. Kila ninayemkuta na chuma shingoni ananitajia jina lake."

"Kashuka Masasi asubuhi," Scholastika alijibu. Kisha wakazungumza kwa sauti ya chini, Hamidu asisikie kitu, na buti zikaondoka. Mlango wa kibanda ukafunguliwa. Mama Cecil alikuwa amekwisha kufuta machozi.

"Mtani," alisema, "mwaka ule vita ilianzaje?"

"Vita gani?"

"Watu walivaa kitu shingoni, wakanong'onezana habari za maji, kila kijiji kikasubiri siku. Sasa nitajie. Kutoka Masasi mpaka hapa, nani amewavisha watu kitu shingoni? Nani amewafundisha kusema maji? Wanasubiri nini?"

Hamidu alikaa tena juu ya mizigo. Alikuwa amefikiria kila kitu, meli, moshi, chuma, hata majibu ya wanaoomba kurudishiwa mali, lakini hilo neno moja lilikuwa limempita. Na hapa mzaha unakaa pembeni kidogo, kwa sababu Hamidu aliiona kamba ya Wadachi kule Lindi ikifanya kazi yake, na waliotundikwa wengine walikuwa hawajashika hata mkuki. Kwa Mdachi, neno lilitosha.

"Lakini yangu ni maji ya gari," alisema.

"Nenda kamweleze. Una maneno matatu ya Kijerumani."

"Mama Cecil, nifiche."

"Na mizigo?"

"Chukua."

"Lete kofia. Inajulikana." Aliipokea, akaitazama ndani, akaitupa jikoni. "Sasa unipe ulimi."

"Ulimi vipi?"

"Kofia ilikuwa ya watu wa mbali. Wa karibu wanakujua kwa mdomo. Kuanzia sasa wewe ni bubu, mpagazi wangu kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Ukisema hata neno moja, mimi sikujui."

Alimnyoa kichwa, akampaka majivu na kumvika gunia. Hivyo ndivyo kinywa kilichowauzia mibuyu nusu ya wanaume wa Masasi kilivyofungwa na mwanamke aliyeuliza maswali machache tu.

Mizigo ilitolewa nje na habari ikapelekwa kwamba kila mtu aje achukue mali yake. Wachache walikuja. Wengi walikasirika. Kuchukua mpira ilikuwa sawa na kupoteza nafasi, walisema, na gari likifika litakwenda kwa wasiokuwa na imani. Mzee Kurwa alituma ujumbe kutoka Masasi kwamba nta yake isiguswe. Mama Cecil akawatunzia, kwa moyo wake mwema, katika ghala yake. Bartholomayo peke yake ndiye aliyepata hasara kamili. Aliamka shingo tupu, akaambiwa kwamba askari ameichukua pete yake, akaomboleza siku kadhaa na kukataa kuimba.

Na Hamidu akaujua mteremko. Kila alfajiri aliwekewa mzegazega begani, ule mti wenye debe huku na debe kule, akashuka nyuma ya Mama Cecil, akapanda mbele yake ili amwone. Bega lilichubuka, likapona, likachubuka tena mahali pengine. Wanawake waliokutana naye njiani walimsifu mbele ya uso wake, kwa kuwa bubu mtu humsemea lolote. Jirani mmoja, Kibibi, aliuliza kama ng'ambo ya Ruvuma wamebaki wengine wa namna ile. Lililomuumiza Hamidu kuliko mti ni kusikiliza watu wakizungumza habari za gari lake, wakikosea, naye asiweze kuwasahihisha.

Siku moja alirudi akakuta pipa chini ya paa. Lilikuwa pipa hasa, zito, lenye alama ya boma ubavuni. Alilitazama, akamtazama Mama Cecil, akaonyesha kwa vidole kwamba anauliza limetoka wapi.

"Limetoka kwa watu," alijibiwa. "Mvua bado mbali. Tutalijaza kwa miguu."

Walilijaza. Pipa kubwa halijai haraka, na likikaribia kujaa watu hunywa. Asubuhi moja walikuwa katikati ya mlima, wamepumzika, Hamidu ameinama juu ya debe akinywa kwa kata, mara zikasikika buti zikiteremka. Hakuwa na mahali pa kukimbilia. Alibaki vile vile, uso ndani ya kata, akaona buti zimesimama mbele yake.

"Habari za maji, Mama Cecil?"

"Njema, bwana askari."

"Na lile gari letu je?"

Hamidu aliinua macho kidogo. Askari alikuwa kijana, mwenye bunduki na masharubu ya kujifunza. Shingoni, juu ya vifungo vya serikali, alikuwa ameivaa pete ya chuma ya Bartholomayo, imesuguliwa mpaka inang'aa.

"Nasubiri kwa adabu," askari alisema, "lakini pipa la boma nimekupa, na wakubwa wameanza kuuliza liko wapi. Na mwenyewe hata sura yake siijui. Siku ile nimemtafuta vijiji vyote niagize langu, nafika kwako unaniambia kashuka. Bahati wewe ulikuwa na chuma cha ziada."

Maneno yote ambayo Hamidu alikuwa ameyafungia kinywani tangu siku ya majivu yalipanda kwa pamoja. Alifungua mdomo. Alikuwa na hasira ya kupiga kelele mpaka Masasi wasikie, kwamba hakuna aliyekuwa akimwinda, kwamba alikuwa akimkimbia mteja. Kisha akaitazama bunduki, akaitazama pete, na akaona wazi kwamba atakayesema sasa hivi kwamba ndiye Hamidu wa gari la maji, atatakiwa alitoe hilo gari.

Akaufunga mdomo. Akachota tena.

"Lako litafika," Mama Cecil alikuwa akimwambia askari. "Mimi la kwangu limekwisha kufika."

"Kweli? Likoje?"

"Halina ng'ombe, halina kelele, mlima linaupanda vizuri." Alimtazama bubu wake, aliyekuwa akimalizia kata ya tatu. "Ila linakunywa maji, bwana, sijapata kuona."