Pande la Udongo na Koti la Kanisani

Alhamisi, 24 Februari 1938

Kwaresima inaingia Jumatano, na padri hafungishi ndoa Kwaresima. Honor Lavelle, mjane mwenye ng'ombe tisa na kicheko kinachonitoa jasho, ametualika chai Jumapili saa tisa alasiri, mimi na Colman Ruane. Atachagua mume papo hapo. Asiyetokea, asahau. Colman ana meno yote. Lazima apotee njia!

Nimekwenda kwa shangazi Sabina. Anasema shamba langu la chini lina pande la udongo la wale Watu Wema, majini wa kilimani. Ukilikanyaga, unapotea hata uani kwako. Dawa yake ni kugeuza koti, ndani kuwe nje. Nikamuuliza nitalitambuaje. "We mtoto, ukishapotea ndiyo umelipata." Akauliza nalitakia nini. Nikasema elimu.

Ijumaa, 25 Februari

Limepatikana! Tangu adhuhuri nimezunguka ekari moja nikitafuta geti nililolitengeneza mwenyewe. Nikageuza koti la kazi. Geti hilo, mbele ya pua! Nikafuata nyayo zangu hadi zilipoanza kuzunguka, nikachimba, nikatia torolini. Sasa limelala chini ya ukuta wa mawe anaouruka Colman akienda kwa Honor. Kwisha habari yake.

Jumapili, 27 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilivaa koti la kanisani. Muda ulikuwepo, nikasema nipite kwanza nimwone Colman akihangaika. Mpumbavu katoka na baiskeli! Kwa barabara! Akanipungia mkono. Nikaruka ukuta nimkimbilie, nikatua juu ya pande langu mwenyewe.

Nikageuza koti. Wapi! Nikageuza tena. Holaa. Ndipo nikakumbuka: mwaka jana fundi aliligeuza koti hili, upande uliochakaa ukaenda ndani, bitana akaitupa. Sasa ndani ni wapi? Na nje je? Nimeligeuza mara kumi na moja. Punda mmoja alinitazama kwa huruma. Mara tatu nimebisha hodi nyumba ileile kuuliza njia, na kila mara akafungua mama yake Colman. Mara ya tatu akasema, "Baba, si ukae tu nikupe supu?"

Nilifika kwa Honor saa kumi na mbili, hata sijui kwa njia ipi. Vikombe vilishaoshwa.

Jumanne, 1 Machi

Wamefunga ndoa asubuhi. Kanisani shangazi Sabina akaninong'oneza kuwa Honor alinisubiri hadi saa kumi na moja, Colman akiwa kakaa palepale. Alikuwa keshanichagua mimi! Eti alisema, "Malachy huchelewa kila mahali, ila kwangu nilijua atafika."

Nimelia. Halafu nikala keki yao, vipande viwili.

Jumatano, 2 Machi

Nimewaza sana. Kosa si langu, ni la fundi. Koti linatakiwa liwe na bitana nyekundu, mtu ajue ndani ni wapi. Mwaka ujao yupo yule mjane wa ng'ambo ya mto, ana ng'ombe kumi na wawili, na anayemposa hana baiskeli.

Pande nimelirudisha jana jioni, lisije likaibiwa. Nimelifukia mahali salama kabisa, mbele ya mlango wangu.

Asubuhi nimetoka kwenda kupakwa majivu. Haya nayaandika bandani mwa nguruwe. Ni mara ya nne naingia humu. Koti la kanisani nimeshaligeuza.